Ukurasa wa Tisini na Moja

Kazi yangu ilikuwa kushusha faili na kupandisha faili.
Miaka ishirini na sita, Kakamega, chumba cha nyuma,
ambako mvua ya saa tisa hupiga mabati
hadi karani na msomaji wakaongea kwa mikono.

Alikuja Jumanne moja, mwalimu Berita Kageha,
chaki bado kwenye mkono wa sweta,
akaomba "chochote cha wakati wa dhahabu."
Nikamletea boksi. Akapiga chafya mara tatu,
akatoa penseli (kalamu za wino tulizikataza)
na hakuinua kichwa hadi nilipotikisa funguo.

Humo alimkuta mtu asiye na jina.
Mchimbaji, namba 207, mwaka wa thelathini na nne,
"alianguka shimoni usiku."
Mstari mmoja. Sahihi. Muhuri.
Akaniuliza, "Usiku nani humtuma mtu shimoni?"
Nikamjibu kwamba mimi hushusha tu na kupandisha.

Ndivyo ilivyoanza kazi ambayo mumewe
aliiita ugonjwa wa karatasi.
Riwaya saba. Katika zote mpelelezi ni yule yule,
Lumwaji, mshika mizani wa mgodi,
asiyejua kusoma ila anajua uzito:
anapima unga wa dhahabu, anapima kimya cha mtu,
anajua neno lililopungua robo.
Nilizisoma zikiwa bado miswada, nikimrudi:
hapana, mwalimu, kodi ya kichwa mwaka ule si kiasi hicho;
hapana, treli haijawahi kufika hapa,
mtu wako ashukie Kisumu, kisha atembee.

Usidhani alitajirika.
Mchapishaji wa Nairobi alimwandikia kwa heshima:
maiti zako zimekufa vizuri, lakini hazimo kwenye mtihani wa shule.
Riwaya ya tatu ililipiwa na ndama.
Ya tano, na pesa za miwa zilizochelewa miezi kumi na minne.
Alizibeba mwenyewe kwenye gunia la mahindi,
duka la madaftari Mbale, duka la dawa Chavakali,
na kinyozi mmoja wa Shinyalu
aliyewasimulia wateja sura moja kwa kichwa kimoja
na kuwakatia pale muuaji anapokaribia kutajwa.

Ya saba ndiyo iliyomhusu 207.
Akampa mke, deni, na viatu:
viatu vya ngozi, vimekaa kando ya shimo,
kisigino kwa kisigino,
na kwa viatu hivyo Lumwaji akajua kwamba hakuanguka.
Ukurasa wa tisini na moja. Hata mimi mwili ulinisisimka.

Siku ya kuizindua, ukumbi wa Kanisa la Marafiki,
viti hamsini, watu kumi na tisa,
bibi mmoja akasimama kabla ya maswali.
Yunia, wa Ikolomani. Sauti kavu kama ganda la njugu.
"Namba hiyo ilikuwa ya baba yangu. Hakuwa na viatu.
Hakuwahi kuvaa viatu, hata siku aliyozikwa."
Akaketi.

Nilingoja mwalimu aseme ni hadithi tu, nimebuni,
kama ilivyochapwa kwa herufi ndogo ukurasa wa pili.
Hakusema. Aliomba kalamu.
Ya wino.

Mia tatu na arobaini, nakala zote zilizobaki,
tulizifungua usiku ule mezani kwake,
mimi nikitafuta ukurasa, yeye akikata neno.
Pambizoni, kila moja, kwa mwandiko wa ubaoni:
*Hakuwa na viatu. Sijui aliangukaje.*

Fumbo likavunjika hivyo. Lumwaji hana ushahidi,
hadithi inachechemea kutoka hapo hadi mwisho,
muuaji anatajwa bila sababu.
Wapo waliorudisha wakidai pesa zao.
Kinyozi wa Shinyalu amekataa kurudisha.
Anasema akifika pale huzima mashine.